Chai ya Bodi

Wa kwanza kunipa shikamoo kila asubuhi pale kiwandani alikuwa bosi wangu. Nimemzidi miaka kumi na ushee, kwa hiyo shikamoo ilikuwa haki yangu, sikatai. Lakini jaribu wewe kupewa shikamoo na mtu ambaye dakika mbili baadaye atakuuliza kwa nini asikufukuze kazi.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mama."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Haya, kaa chini uniambie. Ule mfereji umezibuliwa, au umeandikwa kwenye ripoti kwamba umezibuliwa?"

Yeye ananipa shikamoo, mimi namwita Mama, na wageni wanaotusikia hawajui mkubwa ni nani. Mkubwa alikuwa yeye, jamani, tena bila mjadala. Jina lake silitaji. Watu wa Ifakara wanalijua, na akisikia nimemwandika kwa jina atanipigia simu, na simu zake sina afya ya kuzipokea. Nitamwita Mkurugenzi.

Alituongoza miaka sita, kwenye kiwanda cha mpunga kilichopo barabara ya kwenda Kiberege. Kabla yake walikuwepo wakurugenzi watatu, wanaume, watu wazuri tu, na kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza maji machafu yetu yanaishia wapi. Yeye aliuliza siku ya kwanza, kikaoni, kabla hata hajakaa vizuri. Mameneja wakatazamana. Mimi nilikuwa mtunza stoo, nimeingia kuleta viti, nikajibu kwamba yanaishia Mtaa wa Chini. Nilijua kwa sababu baiskeli yangu iliwahi kutumbukia kwenye huo mfereji nikiwa juu yake. Hapo hapo nikawa afisa mazingira. Sikuomba, sikufanyiwa usaili, na stoo wakampa mtu mwingine.

Hayo maji niyaeleze, maana bila hayo hadithi hii haina miguu. Sisi hatukoboi tu. Sehemu ya mpunga tunailoweka kwenye maji ya moto na kuipitisha kwenye mvuke kabla ya kuikoboa, ili punje zisikatike, kwa sababu yuko mnunuzi wa nje anayependa mchele ulionyooka. Maji ya kulowekea yanatoka na rangi ya chai ya rangi, na yakikaa siku mbili yananuka kama togwa iliyosahauliwa chini ya kitanda. Yanafuata mfereji, yanavuka barabara, yanashuka Mtaa wa Chini na kutulia kwenye majaruba, hatua chache kutoka kisima cha Bibi. Mtaa mzima unachota kwa Bibi. Hana undugu na mimi, ni bibi wa mtaa, mwembamba, mkali, ana kisima kimoja na ulimi mmoja, na vyote viwili havijawahi kukauka.

Wiki ya kwanza Mkurugenzi alishuka kwenda kumsalimia, mimi nikimfuata. Bibi akampa kigoda, akampa na maji kwenye kikombe cha bati. Sasa wote tunajua kwamba maji uliyokaribishiwa kwa mtu hayarudishwi. Nilimwona akikisogeza kile kikombe, pua ikashtuka, mkono ukasimama. Halafu akayanywa yote mpaka chini, akasema asante. Bibi akafurahi, akamwongeza cha pili. Akanywa na hicho.

"Bibi, haya maji yana nini?"

"Mwanangu, haya leo yamelala. Njoo mwezi wa saba, kiwanda chenu kikichachamaa, ndiyo utayakuta yameamka."

Tuliporudi alitapika nyuma ya mizani ya malori, akajifuta kwa khanga aliyokuwa nayo kwenye gari, akaingia ofisini akatoa amri. Kuanzia Jumatatu inayokuja, chai ya kikao cha mameneja itapikwa kwa maji ya kisima cha Bibi. Yachemshwe vizuri, mtu asiumwe tumbo, lakini yawe yale yale.

"Kama Bibi anayanywa, na sisi tutayanywa," alisema. "Siku yakitushinda sisi, tutajua yamemshinda na yeye."

Dada wa jikoni aligoma. Alivua aproni akaiweka mezani mbele ya Mkurugenzi. "Mama, mimi sikulelewa hivyo. Mtu ametoka kwake, nimpe maji haya? Nifukuze tu." Mkurugenzi hakumfukuza. Alinigeukia mimi. "Mzee wangu, wewe si afisa mazingira? Haya ndiyo mazingira yenyewe. Pika." Ndivyo nilivyojifunza kupika chai nikiwa na miaka hamsini na mbili, na mke wangu hajanisamehe mpaka leo, kwa sababu nyumbani nilikuwa nadai sijui.

Na iliwaamsha watu, nisimnyime sifa yake. Meneja Uzalishaji, ambaye tangu nimfahamu hakuwahi kukanyaga ng'ambo ya mfereji, baada ya Jumatatu tatu alikuwa ameweka wavu wa kuchuja makapi na ameacha kumwaga maji yote kwa mkupuo. Chai ikawa afadhali kidogo. Lakini msimu ukipamba moto ilikuwa inarudi kule kule. Dawa yenyewe tuliijua, ilikuwa mabwawa matatu ya kutulizia maji, moja linamwagia lingine, ili yakifika kwa Bibi yawe yamekwisha hasira. Na mabwawa ni ya kuidhinishwa na bodi, na bodi iko Dar es Salaam, na Dar es Salaam harufu haifiki.

Hao watu wa bodi, Mkurugenzi akiwaeleza mwenyewe utacheka mpaka ukae chini. Alikuwa anasema walimchukua kwa ajili ya picha. Yule mnunuzi wa nje alikuwa na kawaida ya kuuliza kila mwaka maswali mawili: mna wanawake wangapi kwenye uongozi, na mazingira mnayatunza vipi? Bodi ikaona ikipata mwanamke mmoja itakuwa imejibu yote mawili. Wakampata. Wakampiga picha ameshika mche wa mti, wakaiweka ukurasa wa saba wa ripoti ya uendelevu, kitabu kizito chenye karatasi za kung'aa, wakadhani wamemaliza.

"Ukurasa wa saba nimeshika mche," aliniambia. "Mche wenyewe uko wapi?"

Nikampeleka nyuma ya karakana. Palikuwa na shimo moja. Kila mgeni mkubwa akija, mche unatiwa humo, anapigwa picha akimwagilia, akiondoka mbuzi wanakula, na mwaka unaofuata shimo ni lile lile. Alilitazama muda mrefu, kisha akaanza kucheka peke yake, na mimi nikaogopa, kwa sababu kicheko chake kilikuwa kinatangulia kazi.

Bodi ilipokuja kutembelea kiwanda, kila mjumbe alichimba shimo lake mwenyewe, akapanda mti wake, ukawekewa kibao chenye jina lake. Wakafurahi. Hawakujua kwamba mimi nimeshapewa kazi ya kupiga picha kila mti kila mwisho wa mwezi na kuzirusha kwenye kundi la WhatsApp la bodi. "Mheshimiwa Mwenyekiti, mti wako umeliwa jani la juu." "Mheshimiwa, mti wako umepigwa na jua, unauliza utakuja lini." Wa Mwenyekiti ukafa mwezi wa nne. Mkurugenzi akaagiza niandike, "Tunasikitika kukutangazia," na nikaandika hivyo hivyo, pamoja na saa ya mazishi. Mwenyekiti alituma mche mwingine kwa basi, umefungwa kwenye kiroba, na ujumbe mrefu unaoanza na neno "kimsingi". Yeye kila kitu kwake kilikuwa kimsingi.

Siku nyingine Mkurugenzi akaalikwa Dar kwenye kongamano la wanawake viongozi, akasema haendi peke yake, akatuchukua mimi na Meneja Uzalishaji. Ukumbi una baridi kama bucha. Mwongozaji, binti mzuri mwenye kipaza sauti, akamuuliza lile swali lao: unawezaje kulea familia na wakati huo huo kuongoza kampuni?

"Swali zuri," akasema. "Mimi nina mtoto mmoja na yuko bweni. Ila nimekuja na mtaalamu. Meneja wangu pale ana watoto saba na anasimamia mashine nne. Baba, simama uwaeleze unawezaje."

Meneja Uzalishaji alisimama, koti likanasa kwenye kiti. Akalinasua. Mwishowe akasema, "Nina mke," akakaa. Ukumbi uliangua kicheko na makofi, na yeye mpaka leo anaamini alihutubia vizuri.

Lakini kwenye gari Mkurugenzi alinuna kuanzia Kibaha hadi Mikumi. Kilichomkera kilikuwa maneno ya mtu mmoja pale jukwaani, kwamba kampuni zinazoongozwa na wanawake zinatunza mazingira kwa sababu mwanamke kwa asili ana huruma na dunia. "Asili gani?" akafoka, na dereva akapunguza mwendo kwa woga. "Mimi kwa asili napenda kulala. Na kula. Nimeyanywa yale maji, basi! Hata huyu Meneja angepewa kikombe cha Bibi siku ya kwanza angekuwa mtunza mazingira wa kwanza Tanzania. Shida wanaume hawashuki kule." Kisha akaniangalia. "Wewe ulitumbukia. Wewe sikuhesabu."

Na kweli hakuwa malaika wa mazingira, nani kasema? Soda alikunywa za chupa za plastiki, na chupa zilijaa chini ya kiti cha gari zikigongana kila kona. Ile pikapu aliiendesha kama anafukuzwa, ng'ombe wa Wasukuma barabara ya Namawala walikuwa wanaitambua kwa mlio na kupisha. Miti aliipanda kiwandani tu, kwake aliukata mwarobaini kwa sababu ndege walimpigia kelele. Na umeme ukikatika saa moja jioni wakati wa tamthilia yake ya Kituruki, jenereta kubwa la kiwanda, lile la kuendeshea mashine nne, lilikuwa linanguruma kwa ajili ya runinga moja. Mimi kama afisa mazingira nilijikaza nikaliandika hilo kwenye ripoti ya mwezi. Aliisoma mbele yangu. "Umefanya vizuri," akasema. "Andika na jina la tamthilia, wasije wakadhani nilikuwa naangalia mpira."

Nilimwogopa na nilimpenda, nasema wazi. Ndiyo maana nilifanya nilichofanya.

Ombi la mabwawa lilikuwa limerudishwa mara mbili na maneno "msimu ujao". Mara ya tatu aliamua bodi ije ikae Ifakara mwezi wa nane, maji ya Bibi yakiwa yameamka kabisa. Aliniita siku moja kabla.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mama."

"Kesho chai ya bodi ni maji ya kisima. Hakuna tangawizi, hakuna iliki, hakuna mchaichai. Nataka wakisogeza kikombe wajue wako wapi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Na nilimwelewa! Sikudanganyi kwamba sikuelewa. Asubuhi nilishuka na vidumu, Bibi akanichotea mwenyewe huku akiniuliza, "Hayo ni ya nani leo?" Nikamwambia ni ya wakubwa. "Basi uwaambie watusaidie," akasema. Nikayachemsha. Jiko lote likajaa ile harufu ya togwa. Dada wa jikoni akatoka nje na kukaa kwenye ngazi.

Ndipo magari yakaingia. Nikachungulia dirishani, nikamwona Mwenyekiti anashuka taratibu, mtu mzima, mvi kichwa kizima, mkono kiunoni kwa safari. Ameamka alfajiri. Akanisalimia kwa jina langu, akaniambia, "Mzee, nina kiu ya chai yako." Jamani. Nimelelewa na mama aliyekuwa anaazima sukari kwa jirani ili mgeni asinywe chai kavu. Mkono wangu wenyewe ulimwaga yale maji ya Bibi kwenye karo. Nikaenda kwenye tangi la maji ya mvua nyuma ya ofisi, yalikuwa yamebaki ya masika, nikachota, nikachemsha haraka haraka. Na nilivyo mjinga nikaweka na mchaichai, tena mwingi.

Nilijisemea nawaokoa wageni, namwokoa na yeye asije akaonekana hana adabu.

Ndani, Mkurugenzi alikuwa amesimama. Alisubiri vikombe vyote vijae. "Wazee wangu," akasema, "chai hii ni ya maji ya kisima cha majirani zetu, kule mfereji wetu unakoishia. Kabla hatujazungumza habari ya mabwawa, naomba tuinywe." Akakaa, akakunja mikono, akasubiri nyuso ziharibike.

Mwenyekiti akanywa. Akanywa tena. "Mbona tamu?"

"Tamu sana," akasema wa pembeni yake.

"Naomba cha pili," akasema wa tatu.

Mkurugenzi akachukua kikombe chake, akaonja. Nilikuwa nimesimama na chupa ya chai pale mlangoni. Aliniangalia mara moja tu, halafu akaangalia chini kwenye kikombe.

"Kimsingi," Mwenyekiti akasema, akijifuta midomo, "maji tumeyanywa wenyewe. Hayana tatizo. Mabwawa tuyatazame msimu ujao." Na ikaandikwa kwenye muhtasari wa kikao kwamba wajumbe walikunywa maji ya kisima na kuyaona yanafaa.

Sikulala, sikula. Nilisubiri aniite. Kesho yake akaja na shikamoo yake kama kawaida, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za mfereji. Kabla ya kuondoka akasema, "Chai ya jana ilikuwa nzuri." Basi. Nikabaki sijui kama anajua au hajui, na niwaambie, afadhali angenipiga kibao.

Siku tatu baadaye akaja fundi bomba. Mkurugenzi hakuwa na ruhusa ya kuchimba mabwawa, lakini matengenezo ya maji ya ofisi yalikuwa ndani ya mamlaka yake, na hakuna kifungu kinachosema yatengenezwe kuelekea wapi. Kiwanda kina kisima kirefu cha pampu, maji safi kabisa. Akalaza bomba kutoka hapo mpaka Mtaa wa Chini, koki ikafungwa mlangoni kwa Bibi. Na akalaza lingine kutoka kisima cha Bibi mpaka tangi la mabomba ya ofisi zetu. Akabadilisha, basi! Wao wakanywa yetu, sisi tukanywa yao. Tukanawa nayo, tukapiga deki nayo, na vyooni sisemi.

Wiki ya kwanza mameneja walijifanya mashujaa. Wiki ya pili Meneja Uzalishaji, aliyekuwa anaoga kazini kabla ya kwenda kanisani mazoezi ya kwaya, aliambiwa na sauti ya kwanza nzima asogee nyuma. Jumamosi iliyofuata nilimkuta na jembe nyuma ya karakana, anachimba peke yake. Akaja mhasibu, akaja dereva, wakaja wapakiaji na makoleo, na mimi nilichimba kuliko wote, hakuna aliyejua kwa nini. Mvua za vuli zilikuta mabwawa matatu yamekwisha, na mkandarasi hakuhitajika.

Bodi ilimwandikia barua ya onyo. Aliiwekea fremu akaitundika chooni. Lakini mkaguzi wa mnunuzi alipokuja akafurahi mno, akapima maji, akapiga picha, na ripoti ya mwaka ule ukurasa wa saba Mwenyekiti ndiye aliyekuwa amesimama kando ya bwawa, ameshika mche. Bibi naye akaja getini kulalamika. Maji ya bomba hayana ladha, alisema, hayakati kiu, arudishiwe kisima chake. Akarudishiwa, na mwaka uliofuata, mwezi wa saba, maji yake yalibaki yamelala.

Mkataba wa Mkurugenzi ulipoisha hawakuuongeza. Walimpa keki, ngao ya kioo, na hotuba iliyoanza na kimsingi. Aliifunga ile ngao kwenye khanga, akanipa mkono, akasema, "Mzee wangu, kisima nakuachia." Nilijibu marahaba. Hakuwa ameniamkia, nilibabaika tu.

Sasa analima mpunga Mofu. Wiki iliyopita alinipigia simu, miaka minne tangu aondoke. "Njoo. Na uniletee maji ya kisima cha Bibi, lita tano. Nimeyakumbuka." Nikapanda bodaboda na kidumu mapajani, tukapita Namawala, vumbi juu, mpaka kwake. Nikamkuta kwenye jaruba, suruali imekunjwa, anamgombeza kijana wa trekta baada ya kumsalimia kwanza kwa kirefu. Amenenepa. Mbele ya nyumba hakuna mti hata mmoja.

Aliweka sufuria jikoni mwenyewe. Maji yalipoanza kuchemka nikaanza kutokwa na jasho, kwa sababu harufu ilianza kupanda. Si kali, ila ile ile.

"Mabwawa yakoje?" akauliza bila kugeuka.

"Yamejaa tope, Mama. Nimeandika mara tatu. Bosi mpya anasema msimu ujao."

"Yeye anakunywa nini?"

"Ya chupa."

"Na bodi?"

Hapo nikajifanya natafuta vikombe. Kwa sababu bodi, tangu siku ile, kila ikija inaomba "chai ile ile". Na mimi nawapikia ile ile. Maji ya mvua, mchaichai. Miaka yote hii. Imeandikwa hata kwenye ripoti ya uendelevu kwamba bodi yetu hunywa maji ya kisima cha majirani, na mnunuzi amelisifia sana hilo. Nikajikuta nasema yote, tangi la mvua, mvi za Mwenyekiti, karo, mama yangu na sukari ya kuazima, nalia kama mtoto mbele ya mwanamke niliyemzidi miaka kumi na ushee.

Alinimiminia kikombe, akajimiminia na chake. "Mzee wangu, maji ya Bibi yana chumvi kidogo. Yale hayakuwa nayo. Nilijua kabla sijameza."

"Sasa mbona hukunisema?"

"Ningekusema mbele ya wageni?" Akanitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Na mimi nimelelewa, ati."

Tukanywa. Alimaliza chake chote, mpaka chini, kama siku ile kwa Bibi. Mimi changu kilinishinda katikati, nikajikaza nikakimaliza.

"Bodi wanakaa lini?"

"Jumanne."

"Chai anapika nani?"

"Mimi."

Alichukua kile kidumu, akakisuuza, akakifunga kifuniko na kunirudishia kikiwa kitupu. Akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Nilikuwa nimeshapanda aliposema, "Na mchaichai usiweke."

Leo ni Jumanne. Naandika haya kwenye meza ya jikoni, kidumu nilichokijaza kwa Bibi asubuhi kiko miguuni kwangu, kitupu tena, na sufuria inachemka. Dada wa jikoni ametoka, amekaa kwenye ngazi. Magari yamefika, namsikia Mwenyekiti ukumbini anauliza chai iko wapi. Jiko lote linanuka. Nimeshapanga vikombe.